Mahari ya Kwezi

Mwanangu, jana ulinionyesha picha za huyo binti unayemchumbia kwenye simu, ukizisukuma kwa kidole upesi upesi, nami nikakumbuka vuli moja kule Shively, hapa hapa Amerika, iliyonitoa ujinga. Keti kidogo, chai bado ipo. Mnaniita mzee kwa sababu ya upara na ushemasi, nami sikatai, maana upara hauna rufaa.

Ilikuwa 2015, nikiwa kijana wa kubeba maboksi katika ghala moja la Jeffersontown. Nilimpenda Solange, aliyeishi Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, kwa babu yake aliyemlea. Nilijiona mwanamume kamili: gari ninalo, bahasha ya mahari ninayo. Kwetu mchumba hajisemei, kwa hiyo nikapitia Columbus kumchukua baba mdogo awe msemaji wangu, tukafika Buffalo na suti zetu.

Sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini, mahari yetu ni ng'ombe. Hata hapa Amerika, ambako bahasha imeshika nafasi ya zizi, wazee bado huwataja mmoja mmoja. Babu aliiweka bahasha mapajani bila kuifungua. Akampita msemaji wangu kama hamwoni, akanigeukia mimi. "Ng'ombe ya kwanza iko na rangi gani?"

Nikasema nyekundu. Akauliza pembe zake zimeelekea wapi. Nikasema juu. Akauliza wakitoka zizini, huyo hutangulia au hufuata. Mwanangu, mimi nimekulia kambi ya wakimbizi. Ng'ombe nilimjua ndani ya sufuria tu, tena kwa nadra. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale, kwenye zulia la watu, Solange akichungulia mlangoni. Babu akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Kwenda uangalie ng'ombe zako," alisema, "kisha urudie."

Nililia njia nzima hadi Columbus, na baba mdogo akajifanya anasikiliza redio.

Wakati ule nilikaa Shively kwa shangazi yangu, mama aliyetunza wazee kwa ajili ya mshahara na bustani kwa ajili ya moyo wake. Nilipomsimulia hakunipa hata pole. Alinivuta dirishani. Bustanini, kati ya mabua makavu ya mahindi, kundi la ndege weusi lilikuwa likitembea na kuchokoa udongo, hawa kwezi wa Amerika tunaowaona kila mahali bila kuwatazama. Akasema nimletee picha zao, kila mmoja na jina lake.

Nilicheka. Weusi wote wale, nani atawatofautisha? Nikatoka na simu nikiwanyemelea, wakaruka wote. Nikangoja wakarudi, nikanyemelea tena, wakaruka tena. Hadi jioni nilikuwa na picha za uzio, za anga tupu, na moja safi sana ya kidole changu. Shangazi alinitazama mlangoni, mikono kiunoni.

"Uko unapiga picha sawa mwizi," alisema. "Weka simu mufukoni, ukae chini. Kwetu mchungaji anaikala na ng'ombe mpaka inamuzoea. Donc, basi, macho kwanza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niligeuza ndoo, nikaketi juu yake kwenye baridi, na kila nilipotoka kazini nilirudi palepale. Polepole kwezi wakanizoea, na polepole weusi wao ukafunguka. Shingoni zambarau, mgongoni kijani, na ncha ya kila unyoya ina doa jeupe. Hakukuwa na wawili waliofanana! Mmoja madoa ya kifua yalikuwa yameungana. Nikamwita Bugondo, jina ambalo kwetu hupewa ng'ombe wa madoadoa. Mwingine alichechemea. Mwingine alikuwa mgomvi, akiwadonoa wenzake halafu yeye mwenyewe akisahau ugomvi ulihusu nini. Nilifurahi, sikufichi. Nilicheka peke yangu juu ya ndoo hadi jirani akadhani nimepungukiwa akili. Ndipo nikatoa simu, na hawakuruka.

Kabla ya Krismasi tulirudi Buffalo. Babu akauliza swali lilelile, nami nilijua mara ya tatu haipo.

"Mzee, ng'ombe sina," nikasema. "Niko na ndege."

Baba mdogo akafumba macho. Mimi nikampa babu simu, nikamweleza Bugondo: madoa yake, unyoya uliovunjika kwenye bawa la kushoto, jinsi anavyotangulia kutua na wenzake wakamfuata. Babu akavaa miwani. Akauliza habari za wa pili, nikamweleza anavyochechemea. Akauliza habari za wa tatu, yule mgomvi, nikamwigiza pale pale na suti yangu. Akacheka hadi akafuta machozi, na nyumba nzima ikacheka naye.

"Bon," alisema. "Haikukuwa ng'ombe nilitaka. Nilitaka kujua kama uko na macho. Mwenye anaangalia ndege hivi, ataona mutoto wangu akihuzunika, hata akinyamaza."

Akaipokea bahasha, akauliza tutawafunga kwa kamba gani ng'ombe wanaoruka.

Basi, mwanangu, huyo binti una picha zake tele, lakini nilipokuuliza akichoka hukaaje, ulitazama simu. Iweke mfukoni. Kaa naye, akuzoee nawe umzoee. Jua anavyocheka anapofurahi kweli na anavyocheka kwa adabu tu. Kisha piga picha utakavyo, zitakuwa na mtu ndani.

Hata leo kwezi wakitua uani, Solange hunigongea dirisha niende upesi, mahari yake imekuja kula. Nenda kwa amani. Mungu akupe macho yasiyochoka, na nyumba ambayo nywele zikikuisha, bado kuna mtu anakuita dirishani akicheka.