Chupa Iliyooshwa

Nilirudi kutoka mtoni nikakuta ile chupa imeoshwa, imeanikwa kichanjani pamoja na vikombe. Asubuhi nilikuwa nimeiacha juu ya kabati, ndani yake kipande cha nyama ya titi la mama, kimelowekwa kwenye dawa kali ili kisioze.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Mbooni. Daktari wa zahanati alikikata kwenye uvimbe, akanikabidhi mimi kifungua mimba nikipeleke hospitali kubwa, Kitui. Siku hizo vipimo vilibebwa na wenye mgonjwa. Kitui walikuwepo madaktari waliokuwa wakijaribu dawa mpya ya kansa, na hawakumpokea mtu kabla ya kupima nyama yake. Wangeondoka Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilimvaa nyanya, susu kwa Kikamba chetu, kwa sababu vyombo ni yeye aliyeviosha. Nilimwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii nyanyake, na hadi leo yananichoma. Alikuwa amekizika kile kipande chini ya migomba, akakiombea kama anavyoombewa mtu. Chupa aliisugua kwa majivu, maana chupa yenye kifuniko kizuri haitupwi.

Mama akatoka ndani, taratibu.

"Wachana na susu yako," akasema. "Ni mimi nilimtuma. Sitaki kuzikwa nusu, hiyo nusu ingine ikae kwa kabati ya madaktari."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na chupa. Kumbe sisi tulikuwa tukipanga matibabu, yeye alikuwa akipanga kaburi.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe Kitui, akakatwe upya. Kabla ya kisu, alitaka nimuulize daktari kama wakishapima watamrudishia nyama yake. Daktari, kijana wa Nairobi, alinitazama akidhani nimekosea kutafsiri. Nikarudia. Akaandika kwenye faili kwamba irudishwe.

Majibu yalisema ni kansa, na mama akapewa ile dawa. Nyama niliitiwa baada ya misimu miwili ya mvua. Nilipofika nayo nyumbani nilienda moja kwa moja kitandani kwake, nikakuta blanketi limekunjwa. Nikatoka nje mbio, nikamwona shambani, anapalilia mbaazi.

Alinipokea chupa, akachimba shimo kwa jembe lake chini ya migomba, akaifukia nyama. Kisha akampelekea nyanya chupa aioshe.