Lori la Kusikiliza

Nina hasira za karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko karibu na stendi ya Korogwe, na kutwa nasikiliza vijana wakibishana kuhusu gemu zao: mpira na bunduki, bunduki na mpira. Siku moja nikawaambia nataka kutengeneza gemu isiyo na picha hata moja, ya kuchezwa kwa masikio tu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikawafukuza wote, na simu zao zikachelewa kupona.

Gemu za namna hiyo zipo, nimezicheza. Ni chache, nyingi za zamani, na makampuni makubwa hayana habari nazo kwa sababu wanaozihitaji si wengi na hawapigi kelele. Mmoja wao ni baba yangu. Kwa miaka mingi aliendesha lori la mahindi na mbao kutoka Handeni hadi Mombo, mpaka presha ya macho ikamnyang'anya usukani. Alibaki anakaa kwenye kiti barazani, uso barabarani, anataja magari yanayopita kwa kuyasikia tu. "Hilo tipa. Limezidisha mzigo." Halafu akaanza kuacha hata kuyataja, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilitaka baba yangu aendeshe tena kabla hajauzoea ule ukimya.

Nilihitaji kompyuta yenye nguvu, kinasa sauti cha maana, na lori. Siyo lori lolote. La aina ile ile aliyoendesha yeye, lenye injini inayokohoa kabla ya kushika. Nilijua moja tu lililobaki, kwenye gereji moja Mombo, na mwenyewe alikuwa ameshapatana na watu wa chuma chakavu. Nikambembeleza weee. Akasema anasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nikileta pesa ya kukodi na mafuta, nitalizungusha nirekodi ninachotaka. Nisipoleta, linakatwa.

Nikaanza na mtandao, kama wafanyavyo wenzetu wa ng'ambo. Nikafungua ukurasa wa kuchangisha, nikaieleza gemu yangu kwa Kiingereza changu cha kujikongoja. Wiki mbili nzima akachangia mtu mmoja, na mwingine akaandika kuuliza kama nimesahau kuweka picha. Nikaufunga ule ukurasa, nikaenda kulalamika jikoni.

Huko alikuwepo mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anachambua mchele. Hakuna harusi katika ukoo wetu ambayo hajawa mwenyekiti wa kamati yake, na hakuna mtu aliyewahi kumkwepa. "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuwa na shughuli na huna hela?" akaniuliza bila kuinua macho. "Tunaunda kamati, tunagawa kadi, tunaita kikao. Watu wa hapa huwachangishi kwa kompyuta."

Kadi akazipeleka kwa fundi yule yule anayemchapia za harusi. Kwa vile tulikuwa na haraka, fundi akatumia mchoro aliokuwa nao: maua pembeni, pete mbili juu. Maandishi yalisema familia inakuomba uchangie kufanikisha shughuli ya binti yetu. Nilizisoma nikaona ziko sawa kabisa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye injini.

Ahadi zikamiminika. Watu wa Handeni, wa Bungu, wa Makuyuni, wengine sijaonana nao tangu utotoni, wakapiga simu kunipongeza. Nikajisemea, kumbe watu wanazipenda gemu za kusikiliza, ule mtandao ndio mjinga. Shangazi wa Handeni akaahidi mbuzi. Hapo ningepaswa kushtuka.

Kikao kilikaa Jumapili alasiri kwenye ukumbi mdogo wa kuazima. Nikamwongoza baba kwa mkono, nikamketisha mbele. Alikuwa amenuna. "Gemu ni za watoto," alikuwa ameniambia asubuhi. "Usinidhalilishe mbele za watu, mwanangu."

Mama mdogo alipofungua kikao, baba mkubwa kutoka Handeni akasimama, akakohoa, akasema kwa heshima zote: "Mwenyekiti, ahadi tumetoa. Sasa sisi upande wa wazee tungependa kumwona mkwe wetu."

Nikaitazama kadi iliyokuwa mkononi mwake, zile pete mbili. Damu ikanipanda kichwani. Mama mdogo akajifanya anatafuta miwani.

Mtu mwingine angelainisha maneno, ila mimi sikujaliwa hicho kipaji. "Hakuna mkwe," nikasema. "Hakuna harusi. Mnachangia lori." Shangazi akasema taratibu kwamba, kama ndivyo, basi mbuzi wake abaki zizini.

Niliona aibu, nisidanganye. Niliona mwisho wa mwezi unafika, lori linakatwa vipande, na baba amerudi kwenye kile kiti. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na spika, na sauti niliyoirekodi kwa simu siku ile nilipokwenda kumbembeleza mwenye gereji, akiliwasha lori. Nikaifungulia.

Injini ikakohoa mara tatu, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Kisha gia ya kwanza ikaingia kwa kusaga.

Nyuma kabisa mzee mmoja akainuka. Alikuwa utingo wa baba enzi zile, siku hizi analima Makuyuni. "Huyo kakosea klachi," akasema.

"Hakukosea," baba akajibu bila kugeuka. "Klachi imekwisha. Hiyo unaikanyaga mara mbili ndipo inakubali." Tangu mwezi uanze alikuwa hajasema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja.

Yule mzee akabaki amesimama. "Mwenyekiti, ahadi yangu iko pale pale," akasema. "Na siku ya kurekodi, utingo ni mimi." Baba mkubwa akamfuata, kisha mwingine, kisha mwingine. Wawili watatu walifuta ahadi zao, na nawajua. Shangazi ndiye aliyesimama wa mwisho. Mbuzi ataletwa, akasema, ila harusi nayo anaisubiri.

Lori tulilizungusha siku mbili kabla ya mwezi kwisha, utingo wangu wa miaka sabini na ushee akipiga bodi kwa kiganja. Wasio na pesa wakachangia sauti. Kinamama wanaouza chakula Mombo walikataa kupayuka bure mbele ya kinasa sauti. Wakataka basi la kweli lisimame, ndipo sauti zitoke sawa. Wakalipata, na sauti zikatoka.

Kiangazi chote kikaishia kwenye kompyuta. Gemu ilipokamilika, wachangiaji wakarudi ukumbini, na safari hii mbuzi alikuwa kwenye pilau. Vijana wa kibandani nao walikuja, maana kazi ya kula haikosi watu. Nikawafunga macho kwa vitambaa, mmoja mmoja, nikawavalisha hedifoni, vidole kwenye vitufe vya kompyuta. Ukipotea kushoto, sikio la kushoto linasikia kokoto. Ukipotea kulia, honi inakujia sikio la kulia. Wote watano waliingia mtaroni kabla hawajatoka Handeni.

Baba alikuwa amekaa, mikono mapajani. Sikumwomba. Utingo wake ndiye aliyemwendea, akamwekea hedifoni mkononi. "Dereva, mzigo uko tayari," akamwambia.

Baba akazivaa, nami nikamwekea vidole kwenye vitufe vya usukani na gia. Sauti zikatoka na kwenye spika za ukumbi, kwa hiyo tulisafiri naye wote. Alipolifikia daraja la Mto Pangani alikuwa ameshapunguza gia, hakuna aliyemwambia. Akapita Korogwe, akapita Makuyuni, anapisha mabasi huku anayatukana kwa sauti ya chini, kama zamani. Nililia, na sikuficha.

Kisha tukasikia wale kinamama wanaita wateja. Baba akaliingiza lori pembeni, akazima injini. Nikauona mkono wake wa kulia ukinyanyuka, ukapapasa hewani pale ambapo mlango wa lori ungekuwa, ukitafuta kitasa.

"Mombo hapa," akasema. "Shukeni mkale."