Mwigizaji Ameanguka Tena

Mume wangu, Arsenio Magpantay, aliacha mpira wa kikapu zamani. Watu ndio wamekataa kumwacha. Niende sokoni hapa Batangas kununua samaki, muuzaji ananiuliza, "Mwigizaji hajambo?" Mimi nimeuliza bei ya samaki, jamani!

Jina hilo alilipata kazini. Alicheza ligi ya kulipwa Manila, mfupi kati ya majitu, basi silaha yake ikawa kuanguka. Aguswe kidogo tu, chali! Anashika goti, anagaagaa, refa anapuliza filimbi, naye anainuka akiwakonyeza mashabiki. Watu hoi kwa kicheko. Waliofunga kumshinda wamesahaulika, yeye picha yake bado iko ukutani kwa kila kinyozi.

Ila goti lenyewe liliharibika kweli. Mwaka huu daktari alimwambia mbele yangu, "Ukicheza tena, hata dakika moja, usije kunililia. Utatembelea magongo mpaka kufa." Nikajua yameisha.

Thubutu! Wiki ya sikukuu ya mtakatifu wetu akaja Nasing, diwani wa mtaa, jezi mkononi. Arsenio alimsimamia mwanawe ubatizo, kwa hiyo wanaitana pare, na mimi ni mare. Kwetu pare hakataliwi.

"Pare, kwenye mechi ya sikukuu utarusha mpira wa kwanza tu. Watu wanakutaka."

"Goti lake bovu," nikasema.

"Mare, ni kusimama tu! Kwani kusimama kunataka goti?"

"Kunataka nini, masikio? Ivae wewe hiyo jezi!"

Nasing akacheka. Arsenio akanibembeleza, "Nitarusha, nitakaa, Meding. Mwanawe ni mwanangu."

"Kwani mwanawe ndiye anayecheza?"

Alikuwa keshaivaa jezi.

Akarusha kweli. Akakaa kweli. Halafu watu wakaanza: "Mwi-gi-za-ji! Mwi-gi-za-ji!" Hata padri alikuwa anapiga makofi. Nikamshika Arsenio jezi, akaniponyoka, akaingia.

Alipewa mpira, akageuka, wala hakuna aliyemgusa. Chali. Akashika goti, akagaagaa. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Faulo! Faulo hiyo, refa!"

Refa, mjinga yule, akapuliza filimbi na kumpa mitupo miwili. Nasing alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Nikakimbilia uwanjani nikipiga kelele, "Haigizi! Ameumia kweli!" Ndiyo kwanza wakazidi kucheka, wakidhani na mimi nimo kwenye mchezo. Ilibidi nimtukane Nasing mbele ya padri ndipo wakamleta mtu wa kumbeba.

Hospitalini daktari yule yule alilibonyeza goti, akatikisa kichwa, akatoka. Nesi akaja kulifunga. Akatazama mguu, akatazama uso.

"Mungu wangu, Mwigizaji! Naomba picha moja tu, ya kumwonyesha baba yangu."

Hasira zikanipanda. "Picha? Mtu mguu umevimba hivi, wewe unataka picha? Hivi nyinyi watu mna akili kweli?"

"Mwache, Meding," Arsenio akasema, jasho likimtiririka. "Daktari alishaniambia. Magongo sasa ndiyo yangu. Siku wakiacha kuniomba picha, nitakuwa kiwete tu."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kulia. Yeye alikuwa anachana nywele kwa vidole.

Nesi akainua simu. "Samahani, mama, sogea kidogo. Unaziba."

Nikasogea.