Mchuzi Tu, Baba

Juzi, kwa mama lishe wa Kariakoo, mbeba mizigo mmoja mwenye mvi aliagiza wali na maharage. Mama akamwagia wali mchuzi wa ng'ombe.

"Mama, si nilikwambia nimeacha nyama?"

"Kwani hiyo nyama? Mchuzi tu, baba."

Mzee akairudisha sahani kwa mikono miwili. "Tangu Ramadhani sijala nyama, na sijaugua hata mafua."

Tajiri wake, aliyekuwa anatafuna paja la kuku pembeni yangu, akacheka. "Maharage yatanifikishia mchele wangu ghorofa ya tatu?"

Mzee aliletewa sahani nyingine, akala taratibu, akajitwika gunia, akapanda. Mimi na tajiri tukamfuata mikono mitupu, kuona kama atafika. Ghorofa ya pili tulikuwa tunahema, yeye anashuka kufuata gunia jingine.

"Njia, wakubwa!"

Tukabana ukutani. Nilijivuna utadhani maharage yale nimeyala mimi.