Sauti ya Masoud Katika Filamu Kumi na Moja

Masoud Mwinyijuma wa Dunda alikuwa mfasiri wa filamu, akiingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya sinema za kigeni. Iliyompa jina ni hadithi ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, filamu kumi na moja zilizotoka kwa miaka kumi na mbili. Waliozitengeneza hawakuzitoa kwa mpangilio. Ya kwanza ilimwonyesha shujaa akiwa mzee, zilizofuata zikaruka mbele na nyuma, na ya mwisho ndiyo ikasimulia utoto wake. Masoud alikuwa akisema ipo siku atazikata na kuziunga upya, tukio lifuate tukio. Saratani ya koo haikumpa nafasi.

Eda ilipokwisha, mkewe Shufaa akaifungua kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa akimrekodi, hivyo kukata na kuunga hakukumshinda. Sahani nyingi za DVD zilikuwa zimekwaruzika. Akafuata nakala nzima Mlingotini, nyingine hadi Mkange, akasafisha sauti neno kwa neno. Ilimchukua miezi saba.

Alipozipanga zote ndipo akashtuka. Utoto wa shujaa ulitangulia, na Masoud aliutafsiri akiwa mgonjwa: maneno mawili, kisha pumzi. Mama yake Masoud, Bi Raya, ambaye alikuwa haoni tena, alikuwa akiiulizia kazi ile kila wiki. Shufaa alifikiri kuifuta sehemu hiyo na kuweka sauti yake mwenyewe. Hakuthubutu, akamweleza mama.

"Mwenyewe alitaka iweje?" Bi Raya aliuliza.

"Ianzie utotoni, mama."

"Basi ianzie huko."

Wakawa wanasikiliza kila siku baada ya alasiri. Siku ya kwanza Bi Raya aliinamisha kichwa, mkono wake juu ya goti la mkwewe. Siku zilizofuata sauti ya Masoud ilipanda na kushuka, leo ya mtu mzima, kesho ya kijana.

Siku ya kumi na moja shujaa alikufa kwa uzee kitandani, na aliyemsimulia alikuwa Masoud wa miaka ishirini na minne, sauti imejaa, haikwami popote.

"Hapo alikuwa hajakuoa," alisema Bi Raya.

"Bado, mama."

Bi Raya akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Shufaa hakuizima mashine. Alimshika, wakakaa hivyo mpaka muziki ukaisha.