Mama wa Fotokopi na Ndege wa Misri

Mama wa fotokopi wa hapa mtaani, Dodoma, hafungi kazi ya mwanafunzi kwa jalada bila kupitia kila ukurasa. Anafuta vumbi kwenye kioo kwa pindo la kitenge, analamba kidole, anafunua.

Jana Loisi wa chuo alileta tasnifu yake ya maandishi ya Misri ya kale. Mwisho wa kukabidhi saa kumi. Mama akasita.

"Mwanangu, hawa ndege waliochorwa kwenye maandishi wanatazama kulia, namba zako za kusomea zimeanzia kushoto. Si huwa mnaanza kusoma upande walikoelekeza nyuso?"

Loisi akauinamia ukurasa. Tafsiri nzima kinyume!

Mimi niliyekuwa nasubiri kopi zangu nikaropoka, "Mama, umesomea wapi?"

"Nisomee wapi? Miaka sita nawatolea kopi hawa wa Misri."

"Funga hivyohivyo, mama," Loisi akasema. "Walimu hawatajua."

Mama akaiweka mashine ya kufungia chini, miguuni pake, akamsogezea stuli na penseli.