Mbao za Kabati la Christella

"Mbao za kabati la binti yako umezigeuza altare!" Médiatrice alifoka, mikono kiunoni. "Jumamosi anaolewa. Bibi harusi gani anakwenda ukweni bila kabati?"

Nzeyimana, seremala wa Gisozi, hakuacha kupiga msasa. Kazi ya Mungu aliifanya kwa moyo wote. Hata upande wa chini, usioonwa na mtu, aliulainisha mpaka nzi wakitua wanateleza na kuanguka chali. Ukibisha, kawaulize nzi.

"Mama Christella, altare ya parokia imeliwa na mchwa. Kabati nitalitengeneza."

"Lini? Ukishafika mbinguni?"

"Huko kanzu ni moja tu, kabati la nini?"

Médiatrice alibana kicheko, na kule kukibana kukamzidishia hasira. Nzeyimana naye alitania tu; moyoni aliogopa jambo moja, Christella mwenyewe atasemaje.

Mara mlango ukalia, Christella akaingia. Binti akaitazama altare, akaipapasa taratibu kwa kiganja.

"Baba, Jumamosi nitafungia ndoa mbele ya hii?" Akapandisha mikono ya blauzi. "Basi nipe msasa."